Je, wajua? Mzanzibari hupigia kura chama au upande?

Tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa chama cha upinzani cha CUF (Civic United Front). Siku hiyo hiyo Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF Zanzibar, akatangaza kuhamia chama kingine cha upinzani, ACT-Wazalendo, na kauli ikazagaa Unguja na Pemba: "Shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee." Ofisi za CUF zikapakwa zambarau, rangi ya ACT. CUF, chama kilichozoa majimbo yote 21 ya Pemba mwaka 1995 kikaondokewa na watu wake kabla rangi haijakauka ukutani.

Watu waliokuwa tayari kupigwa na kufungwa kwa ajili ya CUF waliiachaje kirahisi hivyo?

Jibu ni kwamba hawakuona kuwa wamehama. Uaminifu wao ulikuwa kwa upande, na upande huo ni mkongwe kuliko CUF. Asili yake ni ile miaka ambayo wazee huiita Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Vyama vilikuwa vitatu. ASP (Afro-Shirazi Party) ilijitambulisha na Waafrika wa asili ya bara na wengi wa Washirazi wa Unguja. ZNP (Zanzibar Nationalist Party), yaani Hizbu, ilihusishwa na Waarabu, ingawa wafuasi wake walikuwa wengi zaidi ya hao. ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), mshirika wa ZNP, ilishika mizizi Pemba. Siasa iliingia mpaka jikoni. Wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliokuwa ASP, na wafuasi wa ASP wakasusia maduka ya Waarabu. Watu wakaacha kuzikana. Ghasia za Juni 1961 ziliua watu 68.

Mtoto aliyekulia katika nyumba iliyofukuzwa shambani, au iliyopoteza mtu baada ya Mapinduzi, hakuhitaji kusomewa ilani. Alishajua "sisi" ni nani. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, CCM, mrithi wa ASP, na CUF, iliyofuatwa na upande wa pili, viliikuta mistari hiyo imeshachorwa. Vijiwe vya mazungumzo navyo vikagawanyika: maskani zikawa za CCM, barza zikawa za CUF, na kususiana kukaanza upya, maiti akikosa wazikaji kwa sababu ya kadi ya chama. Hilo ndilo linalouma kuliko yote katika historia hii.

Tazama hesabu rasmi za urais wa Zanzibar. Mwaka 1995 Salmin Amour wa CCM alipewa asilimia 50.2 na Maalim Seif 49.8, matokeo ambayo CUF iliyakataa. Mwaka 2010 Ali Mohamed Shein wa CCM alipata 50.1 na Maalim Seif 49.1. Miaka 15 ilipita, watalii wakaongezeka, bei ya karafuu ikapanda na kushuka, kizazi kipya kikaingia daftarini, na visiwa vikabaki vimegawanyika nusu kwa nusu. Hata maoni juu ya Muungano wa Zanzibar na Tanganyika hufuata mstari huo: ukijua nyumba ya mtu ni ya upande gani, mara nyingi utajua kama anataka serikali mbili (ya Muungano na ya Zanzibar) au tatu (pamoja na ya Tanganyika) kabla hajafungua kinywa.

Wengine husema kilichofuatwa mwaka 2019 ni mtu, si upande. Mvuto wa Maalim Seif ulikuwa mkubwa kweli. Lakini alifariki tarehe 17 Februari 2021, nafasi yake ya Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar ikachukuliwa na Othman Masoud Othman, na ACT haikusambaratika. Imebaki chama kikuu cha upinzani visiwani.

Hata hivyo sikubali kwamba Mzanzibari ni mfungwa wa nyumba aliyozaliwa. Tarehe 31 Julai 2010, baada ya maridhiano ya Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif, wananchi waliulizwa kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yenye pande zote mbili ndani yake. Asilimia 66.4 walisema ndiyo. Kwa hesabu za mwaka huo, hakuna upande uliokuwa na kura nyingi kiasi hicho peke yake. Safari hiyo viongozi wa pande zote mbili waliomba jibu moja, na kwa mpigakura kusema ndiyo hakukuwa kuwasaliti wazee wake.