Thamostati Si ya Nchi za Barafu: Dhana Potofu Kuhusu Magari ya Zamani ya Porini

Wiki iliyopita mteja wa tatu katika mwezi mmoja aliingiza Land Cruiser yake katika gereji yangu hapa Eneo la Viwanda, Nairobi, akilalamika kwamba inachemka kila anapopanda mlima kutoka Magadi, kule chini bondeni. Alikuwa amekwisha kununua rejeta mpya na pampu mpya ya maji. Kabla sijafungua boneti nilimuuliza kama thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto la maji ya injini, ipo. "Hiyo ilitolewa zamani, fundi," akanijibu. "Si ni ya nchi za barafu?" Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara kuna injini inayoumia kwa sababu yake.

Injini ya dizeli kama 1HZ, ambayo Toyota ilianza kuiunda mwaka 1990 na ambayo bado inavuta magari mengi humu nchini, imeundwa kufanya kazi maji yake yakiwa na joto la nyuzi 80 na kitu za Selisiasi, iwe Lodwar au Limuru. Thamostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie joto hilo, kisha hufunguka kwa kadiri inavyohitajika na kujifunga tena gari linaposhuka mteremko. Ukiitoa, maji hupita kwenye rejeta tangu unapowasha gari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai tunaamkia nyuzi 10 au 12. Shika bomba la juu la rejeta baada ya kuendesha kutoka Ngong hadi mjini, na ukilikuta vuguvugu tu, jua kwamba injini imefanya safari nzima bila kufikia joto lake. Katika hali hiyo dizeli haiungui yote, sehemu yake hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia katika oili, mvuke unaobaki ndani hugeuka maji badala ya kutoka, na oili huanza kufanya tope. Matumizi ya mafuta hupanda, na silinda huchakaa kabla ya wakati wake.

Linalowashangaza wateja zaidi ni kwamba injini isiyo na thamostati inaweza pia kuchemka, tena mlimani, pale pale walipotaka kuiokoa. Wengine huambiwa kwamba maji yanakimbia mno na hayapati muda wa kupoa. Maelezo hayo nayo si sahihi, kwa maana mwendo mkubwa wa maji peke yake haupunguzi upoaji. Sababu yenyewe ni njia ya mkato. Injini nyingi za aina hii zina njia fupi inayoyarudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, na sahani iliyo chini ya thamostati ndiyo huiziba njia hiyo wakati thamostati inapofunguka. Thamostati isipokuwepo, hakuna cha kuiziba, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupozwa. Gari likiwa tambarare hutaona tatizo, lakini ukipanda mlima wa barabara ya Magadi kuelekea Kona Baridi kwa gia ya pili, ukiwa na mzigo na upepo hafifu, mshale wa joto hupanda.

Ukiishuku thamostati yako, usiitupe, ipime. Mimi huifunga kwa uzi na kuining'iniza ndani ya sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto, bila kuiacha iguse chini. Iliyoandikwa 82 inapaswa kuanza kufunguka ikikaribia nyuzi hizo, na kufungika kabisa maji yakipoa. Ikigoma, nunua nyingine yenye namba ile ile, na uangalie kama ile sahani ya chini ipo, kwa sababu sokoni kuna zinazofanana kwa juu tu.

Kisha utazame kifuniko cha rejeta, ambacho ndicho ningependa kila mtu aanze nacho kabla ya kununua chochote. Hapa Nairobi maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi wala si 100. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 (yaani bar 0.9) huongeza shinikizo ndani ya mfumo hata maji yavumilie mpaka takriban nyuzi 115. Gari la mteja wangu lilikuwa na kifuniko ambacho mpira wake umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, na huo ulikuwa nusu ya ugonjwa wake. Nusu ya pili ilikuwa thamostati, nayo tuliirudisha mahali pake siku hiyo hiyo. Nilimwaga pia maji ya kisima aliyokuwa akitumia, kwa kuwa kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, haikuwekwa kwa ajili ya barafu pekee: huzuia kutu, ilhali chumvi za maji ya kisima huganda ndani ya mirija ya rejeta.

Dhana potofu haziishii kwenye thamostati. Wanaoinua springi kwa imani kwamba difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli, litapanda juu zaidi kutoka ardhini wanapoteza fedha, kwa kuwa springi huinua bodi tu, na ekseli hubaki pale ilipokuwa. Difu hupandishwa na tairi: kutoka inchi 31 kwenda 33 unapata inchi moja chini ya difu, na spidomita ikisoma 80 wewe unakwenda 85, huku breki zikiwa zile zile.

Snokeli, lile bomba linaloivutia injini hewa kutoka juu ya paa, haikufanyi uvuke mto wowote. Inailinda injini isivute maji, iwapo maungio yake yamezibwa vizuri, lakini ekseli iliyopata moto ikitumbukia ghafla katika maji baridi hunyonya maji kupitia kipumulio, yaani tundu lake la hewa, au sili. Refusha mabomba ya vipumulio vya ekseli na giaboksi kwanza. Ni kazi ya saa chache. Baada ya kuvuka, fungua nati ya difu, na ukiona oili ina rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuendesha kwa magurudumu manne kwenye lami ili gari lishike barabara: katika gari lisilo na difu ya kati, inayoruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, magurudumu ya mbele hukata kona kwa njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo, tairi zisipoweza kuteleza, hubebwa na gia na propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli), nazo huumia. Toyota hushauri uendeshe kwa magurudumu manne angalau kilomita 16 kila mwezi ili sehemu za mbele zipate oili. Zifanye kwenye barabara ya vumbi.