Bima si kazi ya keshia peke yake: dhana zinazochomea wagonjwa wetu

Nimekaa kaunta ya bima ya hospitali miaka sita huku Eastlands, Nairobi, na siku hizi naitwa pia kufundisha wenzangu, manasi, maklinishan, watu wa rekodi, hata walinzi wa geti. Darasa huwa nafungua na swali moja tu: nani hapa anaweza nieleza kava yake mwenyewe, yaani bima yake inalipia nini na nani, si ya mgonjwa, yake. Huinuka mikono miwili, na mmoja hushuka pole pole ju mwenyewe amekumbuka hajui kama watoto wake wako ndani. Hapo ndio huanzia. Kila mtu anasema wagonjwa wafundishwe bima, sawa, lakini anayefaa kuwafundisha naye alifundishwa na nani? Kuna mambo tunaambiana hospitalini kila siku kama ukweli na si ukweli, wacha niyataje vile huwa yanakuja.

"Sisi tunaielewa, ni mgonjwa tu haelewi"

Huu ndio mama ya zote. Mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa bima ya afya ya serikali, yaani mwenye 50,000 inaenda 1,375 kila mwezi, anaiona kwa pesilipu na ju ameona pesa ikitoka anafikiri ashaelewa. Tulikuwa na sista mmoja wodini, nasi wa miaka mingi, mtoto wake akalazwa usiku hospitali ingine na kwa sistemu mtoto hayuko. Kukatwa alikuwa anakatwa vizuri, lakini tangu tuhame kutoka NHIF, ile bima ya zamani ya serikali, tuingie SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024 hakuwahi kuingiza mtoto kama mtegemezi, alidhani watu wake wote walihama naye kama mizigo kwa pikapu. Na huyo ndiye alikuwa anajibu wagonjwa maswali yao kila asubuhi! Simcheki, mimi pia miezi ya kwanza nilikuwa najibu watu kwa kukisia nikiwa na sauti ya mtu anayejua.

So siku hizi kitu cha kwanza darasani kila mtu anatoa simu, anapiga *147#, ile namba ya SHA, anajiangalia mwenyewe. Kelele inayotokea hapo hunifundishia nusu ya somo.

"Ukishajisajili, uko kava"

Hapa nitakaa kidogo ju hapa ndipo watu wanaumia. NHIF iliyoanza 1966 watu walikuwa wameizoea, mtu wa jua kali analipa 500 kwa mwezi, akikosa anajua amekosa. Sasa chini ya sheria ya 2023 kuna mifuko mitatu, na mgonjwa anaskia jina moja tu, SHA, akidhani ni mfuko mmoja.

Mfuko wa kwanza ni wa afya ya msingi, huo pesa yake inatoka kwa serikali. Ukienda dispensari ama kituo cha afya, zile tunaita leveli 2 na 3, ambacho kiko na mkataba na SHA, unatibiwa kama umesajiliwa tu, hata kama hujalipa shilingi. Mfuko wa pili ni SHIF, ule wa michango, ndio wa kulazwa, upasuaji, kusafishwa damu figo zikifeli na mengine ya hospitali kubwa, na huo lazima michango yako iwe imelipwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, unalipia dharura, na kwa magonjwa sugu unashika pale SHIF imeisha.

Sasa angalia vile uongo unazaliwa. Mama anaenda kliniki ya wajawazito pale kituo cha afya, anahudumiwa bure mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mara anaambiwa "uko sawa kwa SHA." Anaenda nyumbani na hilo neno. Uchungu ukianza, kujifungua kunalipwa na SHIF, na SHIF inauliza michango. Hakuna mtu alimdanganya, lakini pia hakuna mtu alimwambia. Na usisahau huyu mama ako na dada yake mkubwa aliyejifungua wakati wa Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kujifungua bure, amemwambia hospitali ya serikali hulipi kitu. Dada alisema ukweli, ni ukweli wa miaka ile.

Na kulipa kwenyewe, mtu asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake kwa maswali, halafu anapewa kiasi cha mwaka mzima, si cha mwezi. Cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo. Mama mboga akiskia "ni mia tatu tu" anakuja na mia tatu. Nimeona huyo mama akirudi nyumbani na mia tatu yake amekunja kwa leso, na aliyemtuma aje nayo ni sisi. 2025 ikaletwa Lipa SHA Pole Pole ya kulipa kidogo kidogo, lakini ukiuliza manasi kumi darasani inavyofanya kazi wengi wanaangalia sakafu.

Kwa hivyo hilo neno "uko sawa" tumelipiga marufuku kaunta yetu. Kuna maswali matatu: umesajiliwa? umelipa hadi lini? na wategemezi wako ni nani na nani kwa sistemu? Yote matatu yakijibiwa ndio unaweza sema kitu.

"Mambo ya pesa ni ya keshia, mimi natibu"

Naelewa inatoka wapi, daktari hataki kuonekana ni kama anauza. Lakini fikiria bili inazaliwa wapi. Inazaliwa chumba cha daktari, pale anaandika "nenda upige picha, halafu rudi Jumatano tukulaze." Keshia anaipata ikiwa imekomaa. Mgonjwa akifika kwangu na kuskia hiyo picha inahitaji idhini ya bima kwanza, ama hospitali yetu inalipisha zaidi ya kile SHA inatoa, ananiona mimi ndio mwizi.

Hiyo tofauti ya bei ndiyo inaumiza zaidi hospitali za kibinafsi. SHA inatoa 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Tuseme hospitali bei yake ya kujifungua ni 45,000. "SHA inalipia kujifungua" ni kweli, na "utalipa 35,000 mfukoni" pia ni kweli, na kliniki mama aliambiwa ile sentensi ya kwanza peke yake. Hatusemi daktari ajue tarifu zote, yaani bei ambazo SHA inalipa, hapana, hata mimi huwa nafungua karatasi. Ajue tu kusema "kabla hujafanya hii pitia kaunta ya bima wakuambie yako ni ngapi." Inachukua pumzi moja.

"Akitikisa kichwa ameelewa"

Mkenya mbele ya koti jeupe atatikisa kichwa hata ukimwambia mwezi ni ugali. Shosho mmoja wa Kayole nilimweleza mambo ya mume wake aliyekuwa anasafishwa damu, nikamaliza nikamuuliza, "Umenielewa shosho?" Akasema, "Eeh mwanangu, Mungu akubariki." Nikafurahi. Kitu ikaniambia nimuulize tofauti: "Shosho, ukifika nyumbani kijana wako akikuuliza nimesema nini, utamwambia aje?" Akaniambia, "Nitamwambia serikali inataka tuhamie hospitali ingine." Mimi sikuwa nimetaja kuhama popote! Nilisema kava inalipa kila kipindi cha kusafishwa na iko na kikomo, wafuatilie. Kikomo kwake ikawa mwisho, mwisho ikawa mfukuzwe.

Hiyo mbinu ya kumuomba mgonjwa akurudishie kwa maneno yake ni ya zamani kwa mambo ya dawa, manasi wanaijua, hawajawahi tu kuileta kwa bima. Na makosa yakitokea lawama ni yako uliyeeleza, kwa hivyo usiulize kama mwalimu anatoa mtihani. Darasani tunafanyiana wawili wawili. Watu wazima, madiploma kila mahali, na wanachanganya mifuko mitatu kwa dakika mbili.

"Tumebandika tangazo ukutani"

Liko nyuma ya mlango, na mlango huwa wazi siku nzima.

"Mwenye kava ya kampuni hahitaji kuelezwa"

Yule wa tai na kadi ya plastiki ndiye hushangaa zaidi. Anajua ako na milioni ya kulazwa, hajui ndani ya hiyo milioni kuna vilimiti vidogo, ya macho, ya meno, ya uzazi, kila moja na ukuta wake. Hajui kuna kipindi cha kusubiri kabla vitu vingine kuanza kulipiwa. Na ju hataki kuonekana hajui, hawezi uliza. Huyu mwambie bila kungoja swali, tena kando, si mbele ya foleni.

"Semina moja inatosha"

Siku mbili hoteli Naivasha, chai ya saa nne, slaidi mia, cheti. Sikatai kwenda, samaki wa huko ni watamu. Lakini mwenye alifundishwa bima mapema 2024 alifundishwa NHIF, na kufika Oktoba yote ilikuwa historia. Kile nimeona kikifanya kazi ni dakika kumi kila Jumatatu kabla ya zamu, unaleta bili moja ya kweli ya wiki iliyopita ukifuta jina, unauliza, mgonjwa alishangaa wapi, nani angemwambia mapema. Watu wanabishana, na kwa kubishana wanashika. Na msiwaache nje wale wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba, ju mitaani wao ndio hospitali ya kwanza.

"Dharura pia lazima SHA iangaliwe kwanza"

Hapana. Katiba kifungu cha 43(2) inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Mtu wa boda amegongwa anavuja damu, usimuulize kitambulisho getini. Ndio maana nikasema darasani nataka walinzi pia.

"Ukisema sijui, mgonjwa atakudharau"

Kliniki moja niliyofundisha kulikuwa na klinishan kijana, mpole, watu wanampenda, na kila swali la bima alikuwa anajibu "usijali, hiyo inalipwa." Alikuwa anaonea watu huruma tu. Tulipofanya zoezi nikacheza mgonjwa, nikamuuliza kitu nilichojua hajui, na nikamwomba asinitulize. Akanyamaza mpaka darasa likaanza kucheka. Halafu akasema, "Mama, hiyo sijui, lakini ngoja niulize kaunta sasa hivi kabla hujatoka hapa," na akainua simu ya mezani kweli, akapiga, kaunta ikalia bila mtu ju mwenye kaunta alikuwa mimi, nimekaa mbele yake.