Baba Kando ya Dakota: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Rekodi za Ndege za Vita na Wanajeshi wa Anga

Bahasha niliyokabidhiwa Bombo ilikuwa na vitu viwili tu: nyota ya rangi ya shaba yenye utepe uliochakaa, mstari mwekundu ukiwa katikati, na picha ya kijana mwenye kofia ya ukingo mpana, amesimama kando ya ndege ya uchukuzi ya Dakota iliyofunguliwa mlango mkubwa wa ubavuni. "Baba alikuwa rubani, mwanangu," aliniambia Hajati, mwenye bahasha, "na ndege yake ilitunguliwa Burma, lakini Mungu akamrudisha." Wajukuu wake walikuwa wamekesha miezi mingi kwenye intaneti wakipekua orodha za ndege zilizopotea, bila kuliona jina la mzee hata mara moja. Kwa kuwa familia nyingi za Uganda zenye wazee waliopita Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) hukwama mahali hapo hapo, nimeona ni vyema kuzieleza dhana zinazowakwamisha.

"Aliyepigwa picha na ndege alikuwa mwanajeshi wa anga."

Si lazima. Katika nusu ya pili ya mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake ilikuwamo Batalioni ya 4 ya Keya yenye asili ya Uganda, ililifuata bonde la Kabaw kutoka Tamu kuelekea Kalewa, kwenye mto Chindwin, katikati ya mvua za masika ya huko. Njia ziligeuka tope lisilopitika kwa lori, na kwa hiyo chakula, risasi na dawa vilidondoshwa kutoka angani, kazi iliyofanywa hasa na Dakota. Askari wa miguu aliziona ndege hizo kila hali ya hewa iliporuhusu. Alizipakia, alizipakua, alisubiri mizigo yake kwa njaa, na majeruhi walisafirishwa nazo. Kupiga picha kando ya ndege iliyokulisha kulikuwa jambo la kawaida kabisa, nami naliona lina heshima yake hata bila urubani.

Nyota nayo haiamui jambo. Nyota ya Burma ilitolewa kwa aliyehudumu katika uwanja ule wa vita, awe mpishi, dereva, mpiga mzinga au rubani. Isitoshe, Uingereza ilitoa nyota zake za Vita vya Pili vya Dunia bila kuchonga majina, hivyo anayekuambia kwamba medali isiyo na jina ni ya bandia anakupotosha.

"Orodha ya ndege zilizopotea ni orodha ya waliokufa."

Hapa ndipo penye kiini cha makosa mengi. Ndege ina karatasi zake na mtu ana zake, na karatasi hizo ziliandikwa na watu tofauti kwa haja tofauti. Karatasi ya ndege ilimhusu bwana stoo: chombo kipo au hakipo, kinatengenezeka au kibadilishwe? Wajerumani waliyaandika madhara kwa asilimia, na ndege iliyoharibika kwa asilimia 60 au zaidi kwa kawaida ilihesabiwa kuwa imekwisha, hata kama rubani wake alitoka akitembea. Karatasi ya mtu ilimhusu karani wa jeshi na familia: yuko hai, ametekwa, ametoweka, au amefariki?

Katika kikosi cha anga cha Uingereza, daraja la kuunganisha pande hizi mbili ni daftari la shughuli la skwadroni (kikosi kimoja cha ndege), ambalo kwa vita vile limehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London, kundi la AIR 27. Daftari hilo lina fomu mbili. Fomu ya 540 husimulia siku za skwadroni kwa muhtasari: wageni waliofika, hali ya hewa, kuhama kambi. Fomu ya 541 ndiyo yenye utamu kwa mtafiti, kwa sababu inataja kila ndege iliyoruka, namba yake, majina ya waliokuwamo, saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Na pale ambapo ndege haikurudi, safu ya kurudi hubaki tupu au huandikwa kwamba haijulikani ilipo.

Chukua shambulio la Waingereza dhidi ya mabwawa ya Ujerumani la usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Mei 1943. Ndege 19 za mabomu za Lancaster ziliondoka, kila moja ikiwa na watu saba, na nane hazikurudi. Anayezidisha nane kwa saba atapata 56 na kudhani wote wamekufa, ilhali waliokufa ni 53 na watatu walitekwa. Usiku huo huo unafundisha pia habari ya tarehe, kwa kuwa Lancaster moja iligonga nyaya za umeme karibu na Haldern muda mfupi kabla ya saa sita usiku, ilhali nyingine zilianguka baada ya saa hiyo. Kwa hiyo watu walioondoka jioni moja wana tarehe mbili za kifo, na anayetafuta kwa tarehe moja tu huwakosa wengine. Kwetu tunaoanza kuhesabu saa asubuhi, kosa hilo huja kwa urahisi zaidi.

"Ndege ikipotea vitani, adui ndiye aliyeitungua."

Nyaya za umeme nilizozitaja hazikuwa na uadui na mtu. Kati ya wanajeshi wa anga 55,573 wa kamandi ya mabomu ya Uingereza waliokufa katika vita vile, takriban 8,000 walikufa katika mafunzo na ajali. Hapa nyumbani hatuna haja ya kwenda mbali: Agosti 2012, helikopta tatu za kivita za Mi-24 za jeshi letu zilizokuwa njiani kwenda Somalia zilianguka Mlima Kenya, na hakuna adui aliyefyatua risasi. Rekodi ya tukio kama hilo hutafutwa kwenye uchunguzi wa ajali, wala si kwenye taarifa za mapigano.

"Idadi iliyotangazwa ndiyo idadi ya kweli."

Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kwamba wameziangusha ndege 185 za Wajerumani. Hesabu za Wajerumani wenyewe zilionyesha karibu 60. Si kwamba marubani wote walisema uongo. Ndege moja inayotoa moshi hupigwa na watu watatu ndani ya dakika moja, na kila mmoja hurudi na ushindi wake. Kanuni ya watafiti ni kwamba hasara huulizwa kwa aliyeipata, maana yeye ndiye aliyelazimika kuomba ndege nyingine. Kwa kipimo hicho, soma kwa tahadhari habari za ndege za kivita za MiG za Uganda zilizoharibiwa na Waisraeli Entebbe usiku wa Julai 1976, walipokuja kuwaokoa mateka: simulizi nyingi hutaja 11, nyingine hufika 30. Tena ziliharibiwa zikiwa zimeegeshwa chini, kwa hiyo anayetafuta marubani waliokufa ndani yake anatafuta watu ambao hawakuwamo.

"Kila kitu kiko London."

Ndege nyingi zilizoruka kutoka Kenya kupigana na Waitaliano mwaka 1940 na 1941 zilikuwa za jeshi la anga la Afrika Kusini, na rekodi zake zilibaki Pretoria. Wamarekani wana kumbukumbu zao, lakini moto wa Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza mamilioni ya majalada ya wanajeshi, hivyo kukosekana kwa jalada hakuthibitishi kwamba mtu hakuwa mwanajeshi. Kwa upande wetu, nyaraka za serikali ya kikoloni zilizokaa Entebbe kwa miaka mingi sasa zina makao Wandegeya, Kampala. Kwa mambo ya baada ya uhuru ipo sheria ya mwaka 2005 ya kupata taarifa, ingawa masuala ya ulinzi yana vizuizi vyake.

"Asiye na jina katika daftari la makaburi hakufa vitani."

Hili linauma kidogo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa kwa ajili ya Vita vya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wamo humo.

Turudi Bombo. Nilimwomba Hajati ruhusa ya kuitoa picha kwenye fremu, na mjukuu wake akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Nyuma, kwa penseli iliyofifia, palikuwa na neno Kalewa. Mbele, karibu na mkia wa ndege, zilionekana herufi mbili na tarakimu moja kati ya tatu, nyingine zikiwa zimefichwa na bega la mzee. Tumeacha kulitafuta jina lake kwenye orodha za marubani. Sasa tunaifuata namba ya ndege ili tujue ilikuwa ya skwadroni gani, tusome fomu ya 541 kujua ilitua Kalewa siku zipi, kisha tulinganishe siku hizo na shajara ya vita ya batalioni yake. Shajara hiyo mara nyingi huwataja maofisa kwa majina na askari kwa idadi. Hajati ameniambia idadi itamtosha, mradi tarehe ipatikane.