Kwa nini sinthesaiza za zamani hutoka kwenye tyuni jua la Kigoma likipanda

Yeyote aliyewahi kupiga sinthesaiza ya analogi, yaani kinanda kinachounda sauti yake chenyewe kwa umeme, hapa mjini analijua hili. Asubuhi, upepo wa ziwa ukiwa bado unapita dirishani, chombo kinakaa sawa na gita bila shida. Ikifika saa nane mchana, bati limeshika moto, noti za juu zinaanza kushuka. Za katikati ziko salama, lakini ukipanda oktavi tatu unasikia wazi kwamba kinanda na gita vimeachana. Wengi hudhani chombo kimekufa, na wengine huishika bisibisi palepale na kuanza kuzungusha kila kinachozunguka. Chombo hakijafa. Kinatii saketi yake, na saketi hiyo inafaa kueleweka kabla ya kuguswa.

Kazi yangu ni kutengeneza vinanda, hapa Mwanga, Kigoma. Vingi ni vya kwaya, vya kidijitali, na matatizo yake ni ya kawaida: kibodi imeingia vumbi, adapta imeungua, soketi ya spika imelegea. Za analogi huja kwa nadra, na ndizo zinazonifanya nisahau kula. Zinafika kwa njia zilezile zinazoleta kila kitu Kigoma: kwa reli kutoka Dar es Salaam ndani ya mzigo wa mitumba, kwa barabara kutoka Bujumbura, au kwa boti kutoka Kalemie na Uvira, mikononi mwa wanamuziki waliozipiga bendini ujanani.

Kinanda cha kwaya cha siku hizi kina sauti zilizorekodiwa na kuhifadhiwa kwenye chipu kama namba. Ukibonyeza, kinazisoma na kuzitoa. Analogi haina kilichohifadhiwa. Inautikisa umeme wenyewe, na mtikisiko huo ukifika kwenye spika ndio sauti. Osileta inatikisa, mara 440 kwa sekunde ukitaka ile A ya kutyunia. Filta inapunguza ukali. Amplifaya inaamua sauti iingie kwa kishindo au itambae taratibu.

Filta ndiyo inayowavuta watu, na kuielewa huhitaji chombo. Imba noti moja bila kuibadilisha, huku mdomo ukitoka kwenye "u" kwenda "a" hadi "i". Koo ni osileta, mdomo ni filta. Filta aliyoibuni Robert Moog katikati ya miaka ya 1960 ni jozi za transista na kapasita zilizopandana kama ngazi, na inakata sauti kwa desibeli 24 kila oktavi. Minimoog, sinthesaiza yake ya mwaka 1970, iliibeba hiyohiyo. Nimezisikia programu nyingi za kompyuta zinazoiiga, baadhi ni nzuri sana, na vijana wanaotengeneza biti hapa Kigoma wanazitumia vizuri. Hata hivyo, wakija karakanani na kuizungusha filta ya kweli kwa mkono, wananyamaza, kisha wanaomba kurudia.

Turudi kwenye joto, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Katika sinthesaiza nyingi za analogi kanuni ni volti moja kwa oktavi: ongeza volti moja, noti inapanda oktavi moja. Inaonekana rahisi mpaka ukumbuke jinsi sikio linavyosikia. Oktavi ni kuzidisha kwa mbili: 220, 440, 880. Volti zinapanda kwa kujumlisha, noti zinapanda kwa kuzidisha. Lazima kitu kimoja kigeuze kujumlisha kuwe kuzidisha, na kitu hicho ni transista. Kwa asili yake, ukiiongezea takribani milivolti 18 kati ya miguu yake miwili, besi na emita, mkondo unaopita ndani yake unakuwa mara mbili. Ongeza 18 nyingine, mara mbili tena.

Sasa, hizo milivolti 18 ni za nyuzijoto 27. Kiasi hicho hukua pamoja na joto, karibu sehemu moja ya 300 kwa kila nyuzi moja. Piga hesabu nami. Oktavi tatu ni senti 3,600, kwa kuwa kila nusu toni ina senti 100. Gawanya kwa 300: unapata senti 12. Kwa hiyo noti iliyo oktavi tatu juu ya ile uliyotyunia itashuka kwa senti 12 kila joto la transista likipanda kwa nyuzi moja tu. Likipanda kwa nyuzi nane, jambo ambalo ndani ya kasha lililofungwa chini ya bati ni la kila siku, umeshapoteza karibu nusu toni nzima. Ndiyo maana noti zilizo karibu na ile uliyotyunia zinasalimika na za juu zinaumia: kosa linakua kwa umbali.

Hesabu hiyo ni ya saketi isiyo na kinga. Wabunifu wa zamani walilijua tatizo na walilikabili kwa akili nyingi. Kwanza walitumia transista mbili pacha, zinazofanana na kugusana, ili mabadiliko ya moja yafutwe na ya mwenzake. Kisha waliweka rezista maalumu ambayo ukinzani wake unapanda kwa sehemu 3,300 katika milioni kwa kila nyuzi, yaani kiasi kilekile kinachopotezwa na transista. Wengine walitumia chipu ya uA726, ambayo ina hita ndogo ndani yake: inajipasha na kubaki kwenye joto moja, nje kuwe na baridi au jua kali.

Ile rezista inafanya kazi ikiwa tu inahisi joto lilelile la transista. Kwa hiyo viwandani waliilaza juu ya zile pacha na kuipaka krimu nyeupe ya kupitisha joto. Fungua chombo cha umri wa miaka arobaini na zaidi uone kilichobaki: krimu imekauka kama chokaa, inamomonyoka ukiigusa kwa kucha, na mara nyingine rezista imeinuka na kuacha mwanya unaopitisha mwanga. Hapo kinga imekwisha. Transista inapata moto, rezista haina habari. Dawa yake haina gharama: safisha kwa spiriti, paka krimu mpya, ilaze rezista mpaka iguse kabisa, ifunge. Nimeona chombo kilichosemekana hakitengenezeki kikirudi kwenye tyuni kwa kazi hiyo tu.

Kabla ya yote hayo, pima umeme wa ndani. Minimoog inahitaji volti 10 chanya na volti 10 hasi. Zikiyumba, hakuna tyuni itakayokaa hata ungefanya nini. Miji yetu imeishi miaka mingi na umeme wa jenereta unaopanda na kushuka, kwa hiyo kapasita za sehemu ya umeme ndizo ninazozitilia shaka mwanzo. Ukishamaliza, washa chombo, kifunge kasha lake, kiache nusu saa, ndipo utyuni. Na utyuni palepale patakapopigwa muziki, kwa sababu tyuni ya karakanani saa mbili asubuhi haina maana ukumbini saa kumi.

Si kila cha zamani kinateseka hivi. Prophet-5 ya mwaka 1978 ina kitufe cha tyuni: kompyuta ndogo ndani yake inapima osileta zote na kuzisahihisha. Roland Juno-106 ya mwaka 1984 inapata mwendo wa osileta zake kutoka kwenye mapigo ya saketi ya kidijitali, kwa hiyo joto la Kigoma haliitikisi kabisa, ingawa filta yake ni ya analogi kamili. Kwa bendi ya hapa ningeichagua hiyo kabla ya Minimoog, na nasema hivyo nikiwa naipenda Minimoog zaidi. Udhaifu wa Juno uko kwenye chipu sita za 80017A, zilizofunikwa kwa utomvu mweusi ambao kwa miaka unaziharibu: sauti moja inakwaruza, au inagoma kuzima. Mafundi wengi huziloweka kwenye asetoni mpaka utomvu uachie. Siku hizi pia kuna chipu mpya zinazotengenezwa badala yake. Korg Polysix ina adui mwingine, betri iliyo kwenye bodi. Ikivuja, alkali kali, yaani kinyume cha tindikali, inakula nyaya za bodi. Itoe leo hata kama chombo bado kinalia.

Mwaka 1983 Yamaha walileta DX7, ya kidijitali, kutokana na ugunduzi wa John Chowning wa Stanford. Haikuhitaji kutyuniwa. Bendi zikaikimbilia, analogi zikauzwa kwa bei ya kutupa, na leo bei zake zinatisha. Wanaonidokeza kwamba hizi ni anasa za Wazungu nawakumbusha William Onyeabor, aliyerekodi albamu za sinthesaiza Enugu, Nigeria, kuanzia mwaka 1977, na Francis Bebey wa Kamerun, aliyechanganya mashine za ngoma na filimbi za msituni. Vijana wa mchiriku Dar es Salaam nao walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavipitisha kwenye spika zilizozidiwa, wakapata mlio ambao hakuna kiwanda kilichoukusudia.

Ombi langu ni kwa makanisa na bendi za Kigoma, Kasulu hadi Tabora zenye stoo. Kama kuna kinanda kizito, chenye vizungushio vingi na jina la Roland, Korg, Moog au Yamaha, msikiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na msikichomeke ukutani kuona kama kinawaka. Vilivyouzwa ndani ya Japani ni vya volti 100 na vya Marekani ni volti 120. Ukuta wetu unatoa 230. Kwaya moja ilipoteza chombo kizuri namna hiyo, transfoma ikaungua kabla mtu hajagusa kibodi. Geuzeni kinanda, someni lebo ya nyuma. Picha ya lebo hiyo, na ya bodi ikiwa mfuniko unafunguka, inatosha kwa fundi kuanza kazi.