Kwa Nini Mwenye B+ Amekosa na Mwingine wa B+ Amepata

Kila KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, inapotangaza nafasi za vyuo, malalamiko yanayofika kwenye madawati yetu ya usajili wa chuo hapa Mombasa hufanana. Mwana wa Kisauni ana B+, kaomba kozi ya afya, kakosa. Wa jirani ana B+ hiyohiyo, kapata. Mzazi huja na karatasi ya matokeo mkononi, na kabla hajaketi ameshaamua kwamba kuna mkono wa mtu. Makala haya yanaeleza jinsi nafasi za kozi zenye ushindani zinavyogawanywa, ili wazazi wapime uwezekano wa wana wao kwa hesabu na wasitegemee uvumi. Ni ya kuelimisha tu. Pale yatakapotofautiana na mwongozo wa KUCCPS wa mwaka husika, unaofuatwa ni mwongozo.

Nianze na gredi, maana ndiyo inayotuchelewesha zaidi pale dirishani. C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ni kibali cha kuomba kozi ya shahada, basi. Katika mtihani wa 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, na wote walikuwa na kibali kilekile. Hata A yenyewe walipata watahiniwa 1,693. Kwa wingi huo, gredi ya wastani haiwezi kuamua nani aingie udaktari na nani asiingie. Kinachoamua ni pointi za klasta.

Kila kozi ina klasta yake, yaani masomo manne yanayohesabiwa kwa ajili ya kozi hiyo. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kuendelea kushuka hadi E yenye 1. Masomo manne ya klasta yakijumlishwa, kiwango cha juu kabisa ni 48. Masomo saba yanayotoa gredi ya wastani, kiwango cha juu ni 84. Chukua jumla ya klasta ugawe kwa 48, chukua jumla ya masomo saba ugawe kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Hiyo ndiyo hesabu. Watu huniuliza kama ni siri ya ofisi. Si siri, imewekwa hadharani miaka yote, ila wengi hawaisomi hadi mwana akose.

Tuchukue hao vijana wawili wa B+, kila mmoja ana pointi 70 kati ya 84. Wa kwanza, masomo yake manne ya klasta yana A- mbili na B+ mbili, yaani 42. Hesabu inampa takriban 41. Wa pili ana B katika masomo yote manne ya klasta, yaani 36, na pointi zake nzuri zimetoka katika masomo ambayo klasta ile haiyaangalii. Yeye anapata takriban 38. Gredi ni moja, mtaa ni mmoja, pengine hata skuli ni moja, lakini pointi tatu hizo ni umbali mkubwa sana katika orodha ya waombaji. Katikati yake wanaweza kusimama mamia ya vijana.

Hesabu hiyo ya nyumbani ni makadirio. KUCCPS yenyewe hutumia viwango vya ufaulu vya kila somo kitaifa, kwa hiyo nambari yake inaweza kutofautiana na yako. Lakini kwa nini mzazi akadirie wakati mwana akiingia katika akaunti yake ataona pointi zake za kila klasta zimeandikwa? Kuna wazazi hufika na nambari waliyotolewa na mtu wa saiba, yaani duka la intaneti, imeandikwa nyuma ya risiti. Fungueni akaunti.

Ukishajua pointi za mwanao, zilinganishe na alama ya mwisho ya kozi hiyo mwaka uliopita. Hapa pana dhana ambayo haiishi: kwamba chuo huketi kabla ya maombi kikapanga alama ya kuingilia. La. Waombaji wa kozi hupangwa kwa pointi, wenye nyingi juu, nafasi hujazwa kwa mfuatano huo hadi ziishe, na pointi za aliyeshika nafasi ya mwisho ndizo zinazotangazwa. Ni kama feri ya Likoni: anayeingia wa mwisho kabla ya lango kufungwa hakuteuliwa na mtu awe wa mwisho, imetegemea nani alikuwa mbele yake siku hiyo. Mwaka ujao waombaji ni wengine na alama itakuwa nyingine. Kwa udaktari wa binadamu katika vyuo vikuu vya umma vinavyokimbiliwa, alama hiyo imekuwa ikizidi 40. Mwenye 38 akiandika udaktari wa chuo cha aina hiyo katika kila chaguo, hatuwezi kumkataza, ila matokeo yake tunayajua kabla ya yeye kubofya.

Ushauri wangu ni huu. Chaguo la kwanza liwe lile mwana analolitaka kweli, hata kama alama ya mwaka jana inampita kidogo. Hapotezi kitu kwa kujaribu. La pili na la tatu ziwe kozi ambazo pointi zake ziko karibu na alama ya mwaka jana au zimeipita. Machaguo ya mwisho yawe kozi alizozipita kwa pointi kadhaa na ambazo yuko tayari kwenda kuzisoma. Maneno hayo ya mwisho yana uzito. Kuna mzazi huweka kozi ya kujazia tu, halafu mwana akipangiwa huko anakuja kutuuliza nani alimchagulia.

Kabla hata ya pointi kuna kizuizi kingine, nacho hakina huruma: masharti ya masomo. Udaktari wa binadamu hudai B katika Biolojia na Kemia, mbali na masharti mengine. Uhandisi hudai Fizikia. Kijana mwenye A- asiye na Fizikia hatapangiwa uhandisi, na mfumo hautamsikiliza baba yake aliyefanya kazi bandarini miaka yote akitamani mwana awe mhandisi. Mlango huo alijifungia Kidato cha Pili, masomo yalipochaguliwa. Watahiniwa wa mwisho wa KCSE watafanya mtihani 2027, lakini wazazi wa mfumo mpya wa elimu, wa CBC, msijione mmenusurika. Gredi ya 10 huingia kwa mkondo, wa sayansi na teknolojia, wa sayansi ya jamii, au wa sanaa na michezo, na uchaguzi huo una uzito uleule.

Barua hazisaidii. Barua ya imamu, ya mchungaji, ya chifu, ya diwani, ya mheshimiwa mbunge: mfumo wa KUCCPS hauna pa kuzisomea. Ya chifu ihifadhini, mtaihitaji kwa fomu za basari.

Sasa suala la madalali, ambalo ndilo hasa lililofanya tuombwe kuandika. Yupo mtu Majengo au Magongo, au kwenye kundi la wazazi la simu, anayesema ana mtu wake Nairobi atakayemsukuma mwana aingie kozi fulani. Anataka pesa nusu sasa na nusu baadaye. Mzazi afahamu yafuatayo. Ikiwa huyo mtu wa ndani yupo kweli, mtoaji na mpokeaji wote wawili wanaingia chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, ambayo adhabu yake kwa mtu binafsi inafika kifungo cha miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Ikiwa hayupo, kama ilivyo kawaida, dalali amejipatia pesa kwa ulaghai na kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinampa hadi miaka 3. Akikutengenezea barua ya kujiunga na chuo, hiyo ni kughushi, kifungu cha 349, miaka 3. Na mwana atakayeiwasilisha dirishani kwetu huku akijua ni ya kughushi ameingia kifungu cha 353, ambacho adhabu yake ni ileile. Sisi tukiipokea tunailinganisha na orodha tuliyoletewa na KUCCPS. Jina halimo, halimo. Inasikitisha kumwona kijana wa miaka kumi na minane akielezwa hayo mbele ya mamake, lakini hatuna njia ya kuyazunguka.

Jambo la karibu na hilo ni akaunti. Mwanafunzi huingia kwa nambari yake ya mtihani wa KCSE na mwaka, na nywila ya kuanzia huwa ni nambari ya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, au ya cheti cha kuzaliwa. Mzazi anamwachia kijana wa saiba karatasi hizo zote, anaenda sokoni, anarudi kuchukua risiti. Kuanzia hapo mtu huyo ana kila kitu cha kubadilisha machaguo ya mwanao, leo au wiki ijayo. Badilisheni nywila mara tu mnapoingia. Anayeingia katika akaunti ya mtu bila idhini anavunja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, faini hadi milioni 5 au kifungo hadi miaka 3 au vyote, ila kuthibitisha kwamba hukumruhusu, ilhali ulimkabidhi karatasi mwenyewe, ni kazi ngumu. Malipo ya maombi hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Hayapiti kwa nambari ya simu ya mtu yeyote, awe na kitambulisho shingoni au asiwe nacho.

Aliyekosa machaguo yote hajafungiwa nje. KUCCPS hufungua dirisha jingine la kuomba kozi zilizobaki na nafasi, na waliochelewa kusoma ilani hulikosa. Aliyepangiwa chuo asichokitaka anaweza kuomba uhamisho ndani ya muda uliotangazwa, naye anapaswa kuwa amefikisha alama ya mwisho ya mwaka huo ya kozi anayoihamia. Chuo anakotoka na anakokwenda vyote vihusishwe, na KUCCPS ithibitishe. Hatuwezi kumhamisha mtu kwa ombi la mdomo. Wala kwa kuwa anakaa Tudor na chuo kiko Tudor.

Wenye C- na zaidi wana stashahada, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuendelea na shahada baadaye. Kuna wazazi wanaoiona njia hiyo kama aibu ya familia. Hilo sitalijadili zaidi.

Pesa nazo ziingie katika kupima. Kupangiwa kozi hakumaanishi kupata ufadhili: mwanafunzi huomba mwenyewe, na familia hupangwa katika makundi matano kwa uwezo wake. Kwa mgao uliotangazwa mwaka 2024, kundi la kwanza lilipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, familia ikabaki na asilimia 5. Kundi la tano ufadhili asilimia 30, mkopo 30, familia 40. Mfumo huo umepelekwa mahakamani, nasi hatutoi maoni juu ya kesi. Kinachosahaulika ni kwamba anayepangiwa chuo kikuu cha kibinafsi huomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, pekee, hana ufadhili wa serikali. Basi kozi ambayo alama yake ni nafuu katika chuo cha kibinafsi inaweza kuwa ghali sana kwenu. Ulizeni gharama yake kabla ya kuiandika.

Wanaotaka kusaidiwa kusoma pointi na alama za mwaka jana waje kwenye dawati letu, au kwenye kituo cha huduma za serikali cha Huduma Centre, wakiwa na karatasi ya matokeo. Mwanafunzi mwenyewe awepo. Mzazi akija peke yake tutamweleza utaratibu kwa jumla, lakini hatutafungua akaunti ya mwanawe, hata akiwa na nywila.