Wino ukibanduka kwenye poliesta, si lazima wino uwe mbovu
Wengi huamini kwamba wino ukibanduka kwenye plastiki ya poliesta, basi wino ndio mbovu. Huenda kasoro iko kwenye uso wa plastiki. Poliesta tupu ina nguvu ya uso, yaani uwezo wa uso kushikwa na wino, ya daini (kizio cha nguvu) 42 hivi kwa sentimita. Ikipigwa umeme wa korona, yaani umeme wa volti kubwa unaopitishwa juu ya uso wake, nguvu hiyo hupanda hadi 50 au zaidi, kisha hushuka taratibu ikikaa stoo. Tena mara nyingi plastiki hutibiwa hivyo upande mmoja tu, na kwa macho pande zote mbili hufanana. Chora mstari kwa kalamu ya daini, yaani kalamu yenye kimiminika cha kupimia nguvu ya uso, kila upande: ukibaki mzima sekunde 2, uso umefikia kiwango kilichoandikwa kwenye kalamu; ukijikusanya matone, bado. Usiguse kwanza kwa vidole, maana mafuta huharibu kipimo. Upande uliopakwa silikoni huyafanya maji yasimame matone ya mviringo, na hapo wino wa kawaida haushiki hata ukaushwe vipi.