Programu ya kuchora au ya kuhariri picha? Dhana zinazowapoteza wachoraji wa kidijitali

Anayeanza kuchora kwa kompyuta huuliza kwanza: nipakue programu gani? Jibu analopewa na rafiki anayetengeneza mabango, au na fundi wa kompyuta wa mtaani, ni karibu lilelile kila mara: weka Photoshop. Akikosa pesa ya Photoshop, anaambiwa aweke GIMP, kwa kuwa ni ya bure na "zinafanana". Ni wachache wanaoulizwa kwanza picha yao inaanzia wapi. Kama inaanzia kwenye turubai tupu, unahitaji programu ya kuchora na kupaka rangi. Kama inaanzia kwenye kitu kilichopo tayari, iwe picha ya kamera au mchoro wa karatasi ulioskaniwa, unahitaji programu ya kuhariri. Nimeona watu wenye kipaji wakihangaika na zana isiyowafaa hadi wakaamini kwamba mkono wao ndio mbovu. Hilo linaniuma, kwa sababu mkono haukuwa na kosa lolote.

"Photoshop ndiyo programu ya wachoraji, nyingine zote ni za kuiga"

Tuanze na asili yake. Mwaka 1987 Thomas Knoll, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, aliandika programu ndogo ya kuonyesha picha zenye ngazi za kijivu kwenye skrini ya Macintosh. Ndugu yake John, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Industrial Light & Magic inayotengeneza mandhari za kubuni za filamu, aliona manufaa yake, wakaikuza pamoja. Kampuni ya Adobe iliitoa sokoni Februari 1990. Leya, yaani tabaka za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, zilikuja mwaka 1994 katika toleo la 3, na brashi zilifumuliwa na kuundwa upya mwaka 2002 katika toleo la 7. Yaani ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya mpaka rangi kuangaliwa kwa uzito ule aliopewa msahihisha picha tangu siku ya kwanza.

Wakati huohuo, mwaka 1991, ilikwishatoka programu iitwayo Painter, ya kampuni ya Fractal Design, iliyotengenezwa mahususi kuiga chaki, mkaa, rangi ya mafuta na karatasi yenye mikwaruzo. Iliuzwa ndani ya kopo la rangi. Kwa hiyo programu za kuchora hazikuja baadaye kuiga Photoshop. Zina ukoo wao, na umri wao unakaribiana.

Sisemi kwamba Photoshop haichori. Wachoraji wengi wa filamu na michezo ya kompyuta wameishi humo kwa miaka mingi na kazi zao ni za hali ya juu. Ninachosema ni kwamba wao walijifunza kuziruka zana nyingi zilizowekwa humo kwa ajili ya watu wengine. Anayeanza leo halazimiki kupita njia hiyo.

"GIMP na Krita ni kitu kimoja, zote ni za bure"

Dhana hii ndiyo inayoleta hasara kubwa, hivyo nitakaa hapa kidogo.

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na lengo lake lilikuwa kuchakata picha. Krita ilianza miaka michache baadaye ndani ya KDE, mradi wa programu huria, nayo mwanzoni ilitaka kuwa programu ya kila kitu. Karibu na mwaka 2010 watengenezaji wake waliamua kuachana na mbio hizo na kumhudumia mchoraji: anayetengeneza vibonzo, michoro ya vitabu, mandhari za filamu. Uamuzi huo unauona mara tu unapoishika kalamu.

Ndani ya Krita, ukibonyeza kitufe cha kulia, linatokea duara papo hapo kwenye turubai likiwa na brashi unazozipenda na gurudumu la rangi. Herufi M inageuza turubai kama kwenye kioo, ili uone kama uso uliochora umepinda. Namba 4 na 6 zinazungusha turubai, 5 inairudisha. Herufi E inaigeuza brashi uliyoishika kuwa kifutio, kwa hiyo unafuta kwa umbile na ukwaruzo uleule uliopakia. Kwenye GIMP kifutio ni zana ya pembeni: unaiacha brashi, unakichukua, unafuta, unarudi. Kwa anayesahihisha picha tano kwa siku hilo si tatizo. Kwa anayepaka saa sita mfululizo, mkono unachoka na fikra inakatika.

Kuna jambo lingine linalowafanya wengi waichukie GIMP bila haki. Wanachomeka tableti ya kuchorea, yaani kibao kinachochorewa kwa kalamu maalumu, wanakandamiza kalamu, mstari unabaki unene uleule, wanasema tableti ni mbovu. Mara nyingi tableti ni nzima. Katika matoleo ya GIMP ya mfululizo wa 2, kalamu ilihitaji kuwashwa kwanza kwenye mipangilio ya vifaa, kisha kwenye zana ya brashi unachagua kama mkandamizo ubadilishe unene au ukolevu wa rangi. Krita huipokea kalamu bila maswali mengi. Ikigoma kwenye Windows, ingia kwenye mipangilio ya tableti na ubadilishe kati ya Wintab na Windows Ink, njia mbili za Windows za kuipokea kalamu. Badiliko hilo moja limeokoa tableti nyingi zilizokuwa njiani kurudishwa dukani.

Mfano wa karibu zaidi ni wa vitambaa. Tuseme unabuni kitenge, na unataka ua likatike ukingo wa kulia liendelee ukingo wa kushoto bila mshono kuonekana. Krita ukibonyeza W, turubai inajirudia pande zote bila mwisho. Unapaka popote na marudio yote yanajipaka pamoja nawe, kosa unaliona hapohapo. Kwa GIMP kazi hiyo inawezekana, ila unaisogeza leya nusu ya upana na nusu ya urefu, unaziba mshono, unairudisha na kukagua. Kanga ni habari nyingine, maana ina mji, pindo na jina, na hazijirudii vilevile. Lakini hata pindo lenyewe unaweza kulitengenezea kipande kwa njia hii.

Kwa haki, GIMP haikulala. Toleo la 2.10 la mwaka 2018 liliongeza brashi za MyPaint (programu nyingine ya kuchora), kuchora kwa ulinganifu na kuzungusha turubai. Mtu anaweza kuchora vizuri humo. Ila ukiniuliza mchoraji aanze wapi, sisiti: Krita.

"Kupaka rangi kwa kompyuta ni kuweka filta juu ya picha"

Hapana. Filta ya rangi ya mafuta inazivuta pikseli zilizopo, yaani nukta ndogo zinazounda picha, kufuata kingo inazozikuta. Haijui pua iko wapi wala mwanga unatoka upande gani. Mchoraji wa kidijitali anaamua kila pigo la brashi kama anavyoamua wa turubai, na anayedhani kompyuta inamchorea ajaribu kuchora mkono wa binadamu humo.

Hata uchanganyaji wa rangi unahitaji kujifunzwa upya. Chukua njano safi na bluu safi za skrini, uzichanganye nusu kwa nusu kwa hesabu ya kawaida ya programu nyingi. Hupati kijani. Unapata kijivu, kwa sababu njano ya skrini ni nyekundu na kijani vikiwa vimejaa bila bluu, na bluu ni kinyume chake. Wastani wa hivyo ni kiasi sawa cha zote tatu. Aliyezoea rangi za kopo anashtuka na kuilaumu programu. Wapo waliolishughulikia hili: MyPaint toleo la 2, la mwaka 2020, lilileta uchanganyaji unaofuata tabia ya rangi halisi, na Rebelle, programu ya Slovakia, nayo ina njia yake. Kwenye programu nyingine, chagua kijani chako kwenye gurudumu na usonge mbele.

"Anayepaka kwa mkono hana haja na programu yoyote"

Hapa ndipo programu ya kuhariri picha inapostahili heshima yake. Wachoraji wa Tingatinga, sanaa iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, wamezoea rangi za enameli zinazong'aa. Mng'ao huo ndio unaoharibu picha za simu: doa jeupe katikati ya twiga, kingo zimepinda, nyekundu imekuwa ya chungwa. Mnunuzi wa mbali anaona hicho tu.

Dawa yake inaanzia kwenye kupiga. Weka kazi kivulini mchana, zima flashi, simu iwe sambamba na uso wa picha, na uweke karatasi nyeupe pembeni ndani ya fremu. Kisha ifungue kwenye GIMP. Zana ya kunyoosha mtazamo inazirudisha kona nne mahali pake. Kwenye Levels, dirisha la kurekebisha mwanga na rangi, chukua kidondoshi cha nyeupe na ubonyeze ile karatasi: rangi zote zinasogea pamoja na ule uchungwa wa jua unaondoka. Kata karatasi nje, hifadhi. Zana ya Heal inafuta vumbi na mikwaruzo ya lenzi. Krita ina baadhi ya vitu hivi, lakini hapa GIMP ina kasi na utulivu zaidi.

Na njia ya katikati ndiyo wengi wanayoishia nayo: unachora kwa penseli au wino, unaskani, unausafisha mchoro kwenye GIMP, unauhamishia Krita, unaiweka leya ya mistari juu kwa hali ya Multiply (ya kuchanganya leya) ili weupe wa karatasi utoweke, na unapaka rangi kwenye leya za chini. Ukitaka kuhamisha kazi yenye leya kati ya programu hizi, faili la PSD, ambalo ni la aina ya Photoshop, hufunguka kote kuwili, ingawa baadhi ya athari maalumu hupotea njiani. Kwa hiyo tunza pia faili la asili.

"Weka 300 dpi na picha itakuwa safi"

Namba hiyo, yaani idadi ya nukta kwa inchi, peke yake haiongezi hata pikseli moja. Ni maelekezo kwa printa. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuandikwa 72 dpi na bado ikachapwa kwa ubora wa 300 kwa upana wa karibu sentimita 34. Kinachohesabika ni pikseli: kwa A3 ya kuchapwa vizuri, fungua turubai ya 3508 kwa 4961 tangu mwanzo.

Hapo kumbukumbu ya kompyuta inaingia. Leya moja ya ukubwa huo ikijaa rangi inakula kama megabaiti 70, leya ishirini zinakaribia gigabaiti moja na nusu, na ukichagua rangi za biti 16 badala ya 8 vyote vinakuwa maradufu. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 itaanza kusuasua, nawe utaamini kwamba programu ni nzito. Fanya rasimu kwenye turubai ndogo, amua mkao na mwanga, ndipo uikuze na kupaka vipengele vyembamba. Leya ulizomalizana nazo ziunganishe.

"Programu ya bure ni ya wanagenzi, na kazi yake haiuzwi"

GIMP na Krita zote zina leseni ya GPL, ambayo ni ya programu huria. Picha unayotengeneza humo ni yako, unaiuza, unaichapa, unamdai mteja, bila kumlipa wala kumwomba ruhusa mtu yeyote. David Revoy, mchoraji wa Ufaransa, amekuwa akitoa vibonzo vya mfululizo alivyochora kwa Krita tangu mwaka 2014, na hakuna anayevitazama na kufikiria uanagenzi. Photoshop yenyewe tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya yanapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Kopi za wizi zinazosambazwa kwa flashi nazo ni njia ya kawaida ya virusi kuingia kwenye kompyuta, mara nyingi ileile iliyobeba kazi zako zote.

"Bila iPad huwezi"

Procreate, programu ya kuchora iliyotengenezwa Tasmania, Australia, ni nzuri kweli, na ni kweli haipatikani nje ya vifaa vya Apple. Lakini programu ya ibisPaint inafanya kazi kwenye simu za Android za kawaida kwa kidole au kalamu ya bei ndogo. Skrini hizo hazihisi mkandamizo, ila programu inaweza kuchonga ncha za mistari yenyewe. Krita ina toleo la Android kwa tableti. Kwenye kompyuta, tableti ndogo isiyo na skrini inatosha. Viwango 8192 vya mkandamizo vinavyotangazwa kwenye boksi visikutie presha, mkono hautofautishi hata sehemu ndogo ya hivyo.

Ukiiona Krita inauzwa kwenye Microsoft Store au Steam, jua kwamba pesa hiyo inakwenda kuendeleza mradi na inakupa masasisho yanayojiweka yenyewe. Ile ya tovuti ya krita.org ni programu ileile, bila malipo.